Barua ya wazi kwa wakubwa wa afya: watu wetu hawafii thieta, wanafia wodini

Kwa mheshimiwa gavana, waziri wa afya wa kaunti, nyie wa bunge la kaunti mnaopitisha bajeti, wakurugenzi wa mahospitali, na wale wa wizara huko Nairobi mnaoteremka Mombasa kwa semina za hoteli za ufuoni.

Salamu aleikum, na kwa wasioitikia hiyo basi hamjambo.

Mie ni mtu wa dawa ya usingizi. Yule anayesimama upande wa kichwa, anakwambia hesabu mpaka kumi, unafika tatu unapotea. Wagonjwa wengi hawanijui manake nikiwa kazini wao wamelala na wakiamka sawasawa mie nshaitwa kwa mwengine, daktari wa kupasua ndo huletewa mahamri na kuku wa kienyeji, mie naletewa malalamiko ya mgongo. Sawa tu, nshazoea. Naandika bila jina kwasababu kazi bado naihitaji na jina la hospitali silitaji vilevile, na nawaomba mkimaliza kusoma msianze kutafutana nani kaandika, mwenzangu wa hospitali nyengine yoyote angekaa akaandika hayahaya akabadilisha rangi ya ukuta tu.

Niwape kisa kimoja kwanza.

Aliletwa kijana wa bodaboda, miaka ishirini na kitu, kidole tumbo kimepasuka. Alikuwa kachelewa, siku tatu yuko nyumbani anameza vidonge vya duka anaambiwa ni vidonda vya tumbo. Tukamfungua, usaha wa kutosha, tukaosha tumbo mpaka maji yakatoka meupe, tukafunga. Presha nzuri, oksijeni 98, kaamka mwenyewe vizuri akaniuliza pikipiki yake kaachiwa nani. Nikamwambia hapa hatulazi pikipiki. Akacheka huku anashika tumbo. Hiyo ni Jumatano alasiri. Ijumaa asubuhi napita wodini naona kitanda kitupu, godoro limekunjwa, nikadhani kahamishwa, kumbe kafa.

Nikaomba faili. Kuna ile chati ya kuandika presha, joto, mapigo ya moyo na pumzi. Nikaangalia safu ya pumzi. 20. 20. 20. 20. Kuanzia Jumatano jioni mpaka Alhamisi usiku, ishirini tupu, kama mtu aliyepigwa muhuri. Wanaoijua kazi hii washaelewa nasema nini. Hakuna binadamu anayepumua mara ishirini kamili siku mbili mfululizo, sembuse mwenye sumu ya usaha inayozunguka damuni, huyo pumzi zake zinapanda, 24, 28, 34, zinapanda mapema kabla presha haijashuka, na ndo ishara ya kwanza ya kumwambia mtu mwite daktari sai. Ile ishirini ni namba ya mtu ambaye hakupata nafasi ya kusimama dakika moja na saa mkononi akaangalia kifua kinavyopanda na kushuka.

Na sista aliyeiandika simlaumu, wallahi simlaumu. Nilimuuliza taratibu. Usiku ule alikuwa yeye na mwanafunzi mmoja, wagonjwa 38, mashine ya presha moja ambayo ule mkanda wa mkononi umezungushiwa plasta ili ushike hewa, kibanio cha kidole cha kupima oksijeni kimefungiwa kwenye kabati na funguo kaondoka nayo mkubwa wa zamu ya mchana. Kulikuwa na mgonjwa wa kuongezwa damu, kulikuwa na mzee aliyeng'oa mpira wa mkojo, kulikuwa na maiti ya kuteremshwa. Ile 20 aliiandika saa kumi na moja alfajiri, safu yote ya usiku ule kwa mkupuo, kabla wakubwa hawajaingia, kwasababu chati tupu inaleta barua ya onyo na chati iliyojaa uongo hailetewi barua na mtu.

Sasa mtasema hicho ni kisa kimoja. Basi nisikilizeni. Utafiti mkubwa wa upasuaji Afrika ulitoka 2018 kwenye jarida la The Lancet, nchi 25, hospitali 247, wagonjwa 11,422, kila mahali wakahesabu waliopasuliwa kwa wiki moja na wakawafuata. Wagonjwa wetu walikuwa vijana zaidi na maradhi machache zaidi kuliko wenzao wa dunia, yaani kwa hesabu ya kawaida walitakiwa wapone haraka, lakini kwa upasuaji ule wa kupangwa, sio wa dharura, walikufa mara mbili ya wastani wa dunia. Jumla ya waliokufa ni 239. Kati ya hao, 225 hawakufa siku ya kupasuliwa. Walikufa siku zilizofuata.

Ishikeni hiyo 225 mkiwa mnasaini bajeti. Watu wetu wanaogopa kisu, wanaogopa nusu kaputi, mama mtu analia mlangoni kwa thieta anasoma Yasini, na mie ndani nina monita inayopiga kelele, nina oksijeni, nina watu watano wanaomwangalia mgonjwa mmoja. Pale ndo yuko salama kuliko saa nyengine yoyote ya safari yake. Akitoka pale, saa mbili baadaye, ni mmoja kati ya 38 kwenye giza na joto la Mombasa, na sisi wa thieta tushavua magwanda tuko nje tunakula viazi karai.

Na pesa mnaziweka wapi? Thieta mpya. Utepe, mkasi kwenye sinia, picha, kipaza sauti. Sisemi thieta hazihitajiki, zahitajika, tena nyingi. Tume ya The Lancet ilisema mwaka 2015 kuwa watu bilioni 5 duniani hawafikii upasuaji salama wa bei wanayoiweza, na upasuaji milioni 143 zaidi unahitajika kila mwaka, na sehemu kubwa ya huo ni kwetu sisi wa nchi zisizo na pesa. Lakini sijawahi kuona utepe unakatwa kwa ajili ya masista wanne wa zamu ya usiku. Hawapigiki picha vizuri, saa nane usiku hakuna mwanga.

Najua jibu lenu litakuwa lipi, nshalisikia kwenye vikao: tutatoa mwongozo, masista waangalie wagonjwa mahututi mara kwa mara. Hebu ngojeni, hilo lilishajaribiwa. Timu ileile ya utafiti ikarudi, matokeo yakatoka 2021, hospitali 332 kwenye nchi 28 za Afrika. Baadhi ya hospitali zikaambiwa mgonjwa mwenye hatari kubwa awekwe kitanda kinachoonekana kutoka meza ya sista, apimwe mara nyingi zaidi, ndugu aruhusiwe kukaa naye, karatasi ya mwongozo iwekwe pale kitandani. Mambo ya maana yote, mtu mwenye akili hawezi kuyapinga. Vifo havikupungua.

Kuna waliosoma wakasema ah basi uangalizi hausaidii. Mie nasoma vyengine. Ukimwambia mtu mmoja mwenye wagonjwa 38 aangalie wanne zaidi, hujaongeza macho, umeyahamisha tu kutoka kitanda hichi ukayapeleka kile. Mwongozo haupimi presha. Kwahiyo nawaomba, kwa heshima zote, msitutumie mwongozo mwengine. Tuna kabati zima.

Na hili la makaratasi niliseme kabisa kwasababu linanikera. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa ile orodha ya usalama ya upasuaji, vipengele 19, unaulizwa kabla ya usingizi, kabla ya kukata, na kabla mgonjwa hajatoka. Jina lako nani, unapasuliwa wapi, una mzio wa dawa gani, damu ipo, glavu na vitambaa vimehesabiwa. Ilijaribiwa hospitali 8 dunia nzima na moja ilikuwa hapo Ifakara, Tanzania, jirani kabisa, sio mambo ya Wazungu peke yao. Vifo vikashuka kutoka asilimia 1.5 mpaka 0.8, na matatizo mengine kutoka 11 mpaka 7. Kila mtu akaipenda. Halafu jimbo la Ontario kule Kanada wakailazimisha hospitali zote, utafiti wa 2014 ukaangalia hospitali 101 kabla na baada, tofauti ya maana haikuonekana. Orodha ileile. Kwanini? Kila mtu ana nadharia yake, ya kwangu naitoa kwenye chumba cha chai, manake nimeona kwa macho yangu fomu inatiwa tiki zote tatu, ya mwanzo, ya kati na ya mwisho, karibu na kikombe cha chai ya maziwa, mgonjwa mwenyewe bado hajateremshwa kutoka wodini. Na Wakenya hatujasahau 2018 Nairobi, mtu alifunguliwa kichwa kumbe aliyetakiwa kufunguliwa ni mwengine, kitambulisho kimebadilishwa. Orodha inafanya kazi pale daktari mkubwa anaponyamaza na sista mdogo wa juzi anaruhusiwa kusema "daktari, subiri kidogo, huyu siye". Hiyo ruhusa hainunuliwi kwa tenda, inatoka kwenu wakurugenzi, siku mtakapomtetea sista mmoja aliyesimamisha operesheni ya mkubwa hadharani, wengine watapata ulimi.

Nirudi kwa wagonjwa.

Kuna bi mkubwa mmoja wa Kisauni, ngiri, upasuaji mdogo. Aliambiwa asile wala asinywe kuanzia saa nne usiku. Sawa, akafunga. Asubuhi kavaa ile nguo ya nyuma wazi, kakaa kwenye kiti cha magurudumu nje ya thieta tangu saa mbili. Saa sita yuko. Saa tisa yuko, midomo imepasuka, anauliza kwa sauti ndogo, mwanangu hata kukosha mdomo tu? Saa kumi kasoro anaambiwa bibi rudi wodini, leo haiwezekani, mashuka ya thieta hayajatoka kwenye mashine ya mvuke. Mashine hiyo ya kuua vijidudu ilikuwa imesimama manake maji yamekatika. Kesho yake hivyohivyo, mara hii imeingia dharura mbili za uzazi, haki yao kina mama wale. Siku ya tatu ndo akapasuliwa. Aliniambia kitu sijakisahau mpaka leo, akasema, mie nimefunga Ramadhani tangu niko mtoto, lakini hii yenu haina daku wala futari.

Na unajua kinachoudhi? Hiyo amri ya saa nne usiku haina kichwa wala miguu. Miongozo ya dawa ya usingizi ya Marekani na Ulaya inasema chakula chepesi ndo masaa sita kabla, lakini maji matupu mtu mzima anaruhusiwa mpaka masaa mawili kabla ya kulazwa usingizi, hata chai ya rangi bila maziwa. Ni miaka mingi sasa. Tunaijua sisi, tumeisomea, tumeifanyia mtihani tukapasi. Lakini orodha ya thieta ikiwa haina masaa, kila mtu kaandikwa "kesho asubuhi", basi sista wa wodi anawafungisha wote tangu usiku ili awe salama. Njaa ile na kiu ile sio adhabu tu kwa mgonjwa, presha inashuka nikimpa usingizi, sukari inacheza, wazee wanaamka hawajijui. Hili halitaki bajeti hata senti moja. Linataka orodha yenye saa mbele ya kila jina, na mtu wa kupiga simu wodini saa nne asubuhi kusema huyu leo hapasuliwi mpeni uji. Nani kati yenu anaweza kulisaini hilo wiki hii?

Maji nayo. Bomba letu linaanza Mzima kule Tsavo na mengine yanatoka Baricho, yakikatika huko sisi huku tunanunua mitungi kwa mkokoteni kama nyumba ya Majengo. Maji ya visima vya kisiwani yana chumvi, ukiyatia kwenye mashine ya mvuke unaiua. Tangi kubwa la hospitali lenye maji ya akiba yasiyo na chumvi, sio siasa, ni tangi tu.

Vidonda kuoza. Hapa ndo pesa inapotea na hamuioni kwasababu inapotea kidogokidogo. Utafiti wa 2018 wa nchi 66 uliwafuata wagonjwa 12,539 waliopasuliwa tumbo, wa nchi tajiri vidonda viliharibika kwa asilimia 9.4, za kati 14, na za chini 23.2, yaani karibu mtu mmoja kwa kila wanne. Mtu wa namna hiyo anakaa kitandani siku nyingi zaidi, anatumia dawa za bei, kazini hayupo, na kitanda chake ndo kile ambacho mwengine anakisubiri chini sakafuni. Na kuna mambo ya rahisi kabisa. Hospitali ya Thika, hapahapa Kenya, walibadilisha kitu kimoja, dawa ya antibayotiki badala ya kupewa mgonjwa siku nyingi baada ya kupasuliwa wakaanza kumpa kabla ya kukatwa, matokeo yakachapishwa 2013, vidonda vikaharibika kidogo zaidi na matumizi ya dawa yakapungua. Kabla ya kisu, dawa inakuwa ishafika kwenye nyama. Baada ya kisu unafukuza mwizi aliyekwisha ingia. Mpaka leo nakutana na mgonjwa kaandikiwa sindano siku saba "kwa usalama", dozi ya kabla ya kukatwa hakuipata kwasababu ndugu yake alikuwa bado duka la dawa ng'ambo ya barabara anapanga foleni.

Utafiti mwengine, 2022, nchi 7 na Rwanda mmojawapo, hospitali 81, wagonjwa 13,301. Walichofanya ni kubadilisha glavu na vyombo kabla ya kufunga tumbo, basi, unavua zile zilizogusa uchafu unavaa safi, unaletewa sinia nyengine ya kufungia. Maambukizi yakashuka kutoka asilimia 18.9 mpaka 16. Mtasema tofauti ndogo. Kwenye wagonjwa elfu moja ni karibu watu thelathini waliorudi nyumbani na kidonda kikavu. Na mwaka mmoja kabla utafiti mwengine wa ndugu zao ulilinganisha zile nyuzi za bei zilizopakwa dawa na nyuzi za kawaida, na dawa ya kupaka ngozi ya bei na ile ayodini yetu ya siku zote. Hakuna tofauti. Kwahiyo, bwana wa manunuzi, akija mtu na begi zuri na nyuzi za dawa, mpe chai umuage kwaheri, hiyo pesa ninunulie sinia za vyombo. Tunapasua matumbo matano kwa sinia tatu, unadhani nitabadilisha vyombo na nini?

Kina mama nisiwasahau. Ule utafiti wa Afrika ulikuwa na sehemu ya waliojifungua kwa kupasuliwa, matokeo yalitoka 2019, kati ya kina mama 1,000 wanakufa 5 na zaidi, hiyo ni kama mara 50 ya nchi tajiri. Kinachowaua ni kuvuja damu na matatizo ya usingizi, na la pili hilo naliandika nikiwa nimeinamisha kichwa kwasababu ni fani yangu. Mama anatoka Kwale huko, anapelekwa kwa rifaro, yaani kahamishiwa hospitali kubwa, anafika Likoni, ambulensi hata ikipewa nafasi ya mbele lazma feri iwe upande wake, na barabara ya Dongo Kundu ipo lakini ni mzunguko. Ile tume ya 2015 ilisema upasuaji wa namna tatu, wa uzazi, wa tumbo na wa mfupa uliotoboa ngozi, mtu aupate ndani ya masaa mawili. Pigeni hesabu yenu wenyewe kuanzia kijijini Lunga Lunga, mvua imenyesha, saa tisa usiku. Halafu akifika, damu ya kundi lake haipo, ndugu wanaambiwa watafute watu wa kutoa.

Na watu tuko wangapi? Ule utafiti wa upasuaji Afrika wa 2018 ulikuta wataalamu wa kupasua, wa uzazi na wa usingizi wakijumlishwa ni 0.7 kwa kila watu 100,000, kinachotakiwa ni 20 angalau. Hilo la madaktari bingwa siwezi kuwalaumu nyie peke yenu, bingwa hapikwi kwa mwaka mmoja. Lakini wauguzi? Mtaani kwangu nawajua watatu wenye diploma na leseni. Mmoja anauza mitumba Kongowea. Mmoja kaenda Saudia. Wa tatu kila siku ananiuliza habari za Uingereza manake serikali ilisaini nao mkataba wa wauguzi 2021, nasi tukapiga makofi. Watu tunao, tunawasomesha, kisha tunawasindikiza uwanja wa ndege wa Moi, halafu usiku wodi ina sista mmoja na mwanafunzi, na mwaka ukigeuka kuna mgomo, na mgomo ukiisha wanarudi walewale wachache.

La maumivu nalipitisha haraka ingawa linastahili barua yake. Mtu kapasuliwa tumbo anapewa panadoli mbili na neno jikaze. Asiyepewa dawa ya maumivu hakohoi, asiyekohoa makohozi yanakaa mapafuni, na siku ya tatu ana homa ya mapafu. Mofini, ile dawa kali ya maumivu, ipo stoo, imeandikiwa daftari la saini nne.

Ya malipo vilevile, SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, ilichukua nafasi ya NHIF, ile bima ya zamani ya hospitali, Oktoba 2024, tukaambiwa mambo yatakuwa mepesi, na kuna waliolipiwa kweli, sitaki kusema uongo. Lakini bado naona ndugu wanatumwa kununua sindano ya uti wa mgongo na glavu nje, bado simu yangu haikosi kundi la WhatsApp la michango ya bili ya mtu. Ile tume ya 2015 ya The Lancet ilikadiria watu milioni 33 kila mwaka wanafilisika kwa kulipia upasuaji. Wengine wako kwenye kundi langu.

Sasa ninachotaka. Sitaki vingi na sivipangi kwa namba kama waraka.

Nataka wodi ya waliopasuliwa usiku iwe na masista wanne, na kama hawapatikani wanne basi watatu, na wagonjwa wa siku mbili za mwanzo wakusanywe chumba kimoja karibu na meza, vitanda vinane au kumi, mashine ya presha na kibanio cha oksijeni kila vitanda viwili, visivyofungiwa kabatini. Sio ICU, wodi ya mahututi, hiyo najua bei yake. Chumba tu, macho na mashine. Chukueni pesa za thieta moja ijayo, ile ambayo hata watu wa kuisimamia hatuna, mtafanya hiki na chenji itabaki.

Nataka ndugu mmoja aruhusiwe kulala na mgonjwa usiku wa kwanza na wa pili, na askari wa geti asimfukuze kama mwizi wa kuku. Dada wa yule kijana wa bodaboda alikuwepo Alhamisi jioni, alisema kaka anahema kama aliyekimbia. Aliambiwa muda wa kuona wagonjwa umeisha. Kuhesabu pumzi anafundishwa mtu dakika tano, nimemfundisha mpwa wangu wa darasa la sita.

Nataka kila hospitali yenu iseme hadharani kila mwaka imepasua wangapi na wangapi wamekufa ndani ya siku 30. Ile tume ya 2015 iliiweka hesabu ya wanaokufa baada ya kupasuliwa kwenye vipimo vyake vikuu sita. Sai ukiniuliza hospitali yetu imepoteza wangapi sina la kukujibu, na mkurugenzi hana, na nyie hamna, manake aliyekufia nyumbani Mikindani wiki ya pili hakuna anayemjua isipokuwa waliomzika. Piga simu tu. Mtu mmoja, simu moja, muda wa maongezi, ampigie kila aliyepasuliwa siku ya saba, ya kumi na nne na ya thelathini. Na hapo Kilifi kuna kituo cha utafiti tangu 1989, kinajulikana dunia nzima kwa malaria, safari ya saa moja na kitu. Nendeni mkawaulize kama wangependa kuhesabu na vidonda vyetu.

Katiba kifungu cha 43, kile cha haki ya afya, mnakijua kuliko mimi, sina haja ya kukinukuu.

Mimi nina zamu ya usiku Jumanne na Alhamisi. Kama kuna mmoja wenu anataka kuona, aje saa nane usiku, bila msafara na bila mtu wa kamera, avae kandambili kwasababu sakafu huwa ina maji. Asiulize mtu swali. Achague kitanda kimoja chochote, atoe saa yake, ahesabu pumzi za mgonjwa dakika nzima, halafu achukue ile chati iliyoning'inia miguuni aangalie kumeandikwa ngapi.

Wenu,
mtu wa dawa ya usingizi, Mombasa